Robo inchi tatu zisizofanana: kisa cha koki ya chujio la maji

Koki ndogo ya chujio inayokaa pembeni ya sinki ina kazi moja tu. Shina lake linapita kwenye tundu la sinki, nati kubwa inalishika kwa chini, kisha mrija mwembamba wa plastiki kutoka kwenye chujio unaungwa kwenye ncha ya shina. Basi. Lakini muungano huo mmoja unawapotezea watu fedha na subira kuliko sehemu nyingine yoyote ya kufunga chujio. Kisa ninachokichambua hapa kina karibu makosa yote yanayowezekana mahali hapo, na kila kosa lilifanywa na mtu aliyekuwa na sababu nzuri ya kuamini yuko sahihi. Ndiyo maana nimeona kinafaa kuandikwa kwa kirefu.

Hali ilikuwa hivi. Chujio la hatua tatu lilikuwa chini ya sinki likifanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Koki ikaanza kuvuja shingoni, mama mwenye nyumba akanunua mpya. Ndani ya pakiti mlikuwa na koki yenyewe, washa za mpira, na nati ya kuifungia kwenye sinki. Kiunganishi cha mrija hakikuwamo. Kile cha zamani kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye shina la koki iliyoharibika, kwa hiyo mrija ukakatwa na kiunganishi kikatupwa pamoja na koki. Mrija uliobaki ukawa mfupi, ikabidi ununuliwe mwingine.

Kwenye mrija wa zamani kulikuwa na maandishi madogo: 1/4. Kwa hiyo aliyetumwa dukani aliomba fitingi ya robo inchi na mrija wa robo inchi. Akarudi na fitingi yenye uzi jike, yaani meno yaliyo kwa ndani, upande mmoja na tundu la kuchomeka mrija upande wa pili. Ilipowekwa kwenye shina la koki, haikushika hata jino moja. Iliingia na kutoka kama kofia kubwa kichwani. Jamaa mmoja anayefunga viyoyozi akasema ana nati ya robo kwenye mkoba wake. Hiyo ilishika vizuri, ikazunguka kidogo, ikagoma. Akaikaza kwa spana, ikagoma zaidi, akaitoa. Hatimaye wakarudi kwenye ile fitingi ya kwanza, wakazungushia shina thredi tepu nyingi mpaka fitingi ikabana. Maji yakafunguliwa, sakafu ya kabati ikalowa.

"Fundi, kila mtu ananiambia hii ni robo," mama akaniambia nilipofika. "Mrija robo, fitingi robo, nati robo. Sasa mbona havikubaliani?"

"Zote ni robo kweli, mama. Ila kila moja ni robo ya kitu chake."

Kabla ya kugusa spana, nilitaka kujua maji yanatokea wapi hasa. Maji hutambaa. Tone linaloonekana chini ya chujio linaweza kuwa limeanzia juu kabisa kwenye shina la koki na kushuka na mrija. Njia ninayoiamini ni kukausha kila kitu kwa kitambaa, kisha kuzungushia karatasi laini kavu kila muungano, kila mmoja na karatasi yake, na kusubiri. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo inayosema ukweli.

Zililowa mbili. Moja kwenye shina la koki, karibu papo hapo. Ya pili kwenye kichwa cha chujio, mahali mrija mpya ulipochomekwa, na hiyo ilichukua muda mrefu. Wenye nyumba walikuwa wakihesabu tatizo moja. Yalikuwa mawili, yenye vyanzo tofauti, na lile la pili lingebaki hata baada ya kulimaliza la kwanza.

Kulikuwa na dalili nyingine waliyoiona bila kuipa uzito: koki ikifunguliwa, shina linaacha kuvuja, ikifungwa, linavuja. Wengine hudhani hapo koki ndiyo mbovu. Sivyo. Kwenye koki ya kawaida ya chujio, kizuizi cha maji kiko juu, kwenye mkono wa koki. Ukiifunga, presha yote ya bomba inasimama ndani ya shina na ndani ya mrija. Ukiifungua, maji yanapata njia na presha inashuka. Kwa hiyo muungano wa shina la koki lazima uweze kubeba presha nzima ya nyumba usiku na mchana.

Shina lilikuwa uzi gani

Nililipima kwa kalipa. Kipenyo cha nje cha uzi kilikuwa milimita 11 na kitu kidogo. Hapo tayari jibu la nusu limepatikana. Robo inchi ni milimita 6.35, na hakuna sehemu ya shina lile yenye kipimo hicho. Robo inayotajwa ni kipenyo cha nje cha mrija utakaoungwa pale. Uzi wenyewe ni wa inchi 7/16, yaani milimita 11.1, wenye meno 24 kwa inchi. Huo ndio uzi wa fitingi za kubana za mrija wa robo, na ndio utakaoukuta kwenye koki nyingi za chujio.

Sasa ile fitingi ya dukani. Ilikuwa na uzi wa bomba wa robo inchi, ule uitwao BSP. Kipenyo cha nje cha uzi dume wa aina hiyo ni milimita 13.157, na una meno 19 kwa inchi. Mtu akikiona kipimo hicho anauliza haki yake: milimita 13 inaitwaje robo inchi? Majina hayo yametokana na mabomba ya chuma ya zamani, ambapo robo ilikuwa takriban upana wa tundu la ndani la bomba. Kuta za bomba zilikuwa nene, na uzi unakatwa kwa nje, kwa hiyo uzi ukawa mkubwa mara mbili ya jina lake. Jina likabaki.

Kwa upande wa jike, ncha za meno ya uzi huo zinaacha nafasi ya takriban milimita 11.4. Shina la koki ni 11.1. Linapita katikati ya meno bila kugusa popote, likiwa na mwanya wa kama theluthi ya milimita. Mwanya huo ndio walioujaza kwa thredi tepu. Nilipoifungua fitingi ile, tepu ilitoka kama soksi nyeupe iliyolowa, bila alama hata moja ya meno, na vinyuzi vyake vingine vilikuwa vimeshaanza kuingia ndani ya shina kuelekea kwenye mdomo wa koki. Hakuna chuma kilichokuwa kimeshika chuma. Kilichoizuia fitingi isiruke ni msuguano wa plastiki laini tu, na siku presha ikipanda, ikang'oka, nyumba nzima ingeoga.

Nati ya fundi wa viyoyozi ilikuwa na hila zaidi, na kwangu ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote. Nati ya fleya (ile inayobana ncha ya mrija iliyopanuliwa kama faneli) ya mrija wa robo, itumikayo kwenye gesi na viyoyozi, ina uzi wa inchi 7/16 vilevile. Kipenyo ni kilekile, milimita 11.1. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini meno yake ni 20 kwa inchi. Hatua ya jino hadi jino ni milimita 1.27, wakati ya shina la koki ni 1.06. Mzunguko wa kwanza unaingia kwa sababu nyuzi zote huwa na ulegevu kidogo. Wa pili, tofauti imeshafika milimita 0.4. Wa tatu imezidi nusu ya jino, na meno ya nati yanapanda juu ya meno ya shina. Anayekaza kwa mkono anahisi imegoma na anaacha. Anayekaza kwa spana anahisi imeshika.

Hili la kuhisi imeshika limeharibu koki nyingi mpya. Nati sahihi huenda kwa vidole peke yake tangu mwanzo hadi karibu na mwisho wa uzi, laini, bila kusitasita. Ikigoma mapema, si kwamba inahitaji nguvu. Inakwambia si yake. Shina la koki hii lilikuwa limebonyea kidogo kwenye jino la kwanza na la pili. Kwa bahati chuma chake kilikuwa kigumu, na meno hayakuharibika kiasi cha kuzuia uzi sahihi, lakini ilikuwa karibu sana.

Asiye na geji ya nyuzi bado anaweza kujua. Weka rula kando ya uzi, piga picha kwa simu kwa karibu, ikuze, kisha hesabu meno ndani ya milimita 10. Uzi wa meno 24 kwa inchi utakupa zaidi kidogo ya 9. Wa meno 20 utakupa karibu 8. Uzi wa bomba wa robo utakupa 7 na nusu. Njia nyingine ni kushikanisha uzi wa kitu unachokijua na uzi usioujua, meno kwa meno, na kutazama dhidi ya mwanga: zikilingana, meno yatakaa kwenye mabonde bila mwanga kupenya. Zisipolingana, baada ya meno machache zinaachana. Ila hakikisha na kipenyo pia. Nyuzi za milimita zenye hatua ya 1.0 zinafanana mno na zile za meno 24, na macho hayatakusaidia. Kinachozitenganisha ni kwamba moja ni milimita 10 au 12 na nyingine ni 11.1.

Tazama pia ndani ya mdomo wa shina. Ukikuta mteremko kama faneli, shina limetengenezwa kubana pete, ile feruli inayovaa mrija. Ukikuta uso bapa, kinachoziba ni washa ya mpira. Kwenye aina zote hizi mbili, uzi hauzibi maji hata kidogo. Kazi yake ni kusukuma tu. Thredi tepu pale haina faida, na inaweza kuharibu kwa kuzuia nati isifike mwisho. Tepu ni ya nyuzi zinazobana kwa kunenepa, zile za bomba zenye mteremko, ambazo meno yenyewe ndiyo yanayoziba.

Niongeze neno kuhusu nyuzi za bomba, maana kwenye upande wa maji kuingia ndiko watu hukutana nazo. Joseph Whitworth alipendekeza uzi wake wenye pembe ya jino ya digrii 55 mwaka 1841 huko Uingereza, na BSP ikajengwa juu ya umbo hilo. William Sellers akapendekeza pembe ya digrii 60 huko Marekani mwaka 1864, na NPT, uzi wa bomba wa Kimarekani, inatumia pembe hiyo. Kwenye robo inchi, BSP ina meno 19 na NPT ina 18. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote zina meno 14, kwa hiyo zinaingiliana vizuri kabisa kwa mkono, halafu zinavuja kwa kuwa kipenyo na pembe havilingani. Katika kisa hiki upande wa kuingia ulikuwa salama, sikuugusa.

Mrija

Uvujaji wa pili ulikuwa wa polepole, na mama aliniambia asubuhi ndipo hukuta maji mengi zaidi. Hiyo ni dalili ya kawaida ya presha: usiku watumiaji wanapungua, presha ya bomba inapanda. Muungano unaostahimili mchana unashindwa usiku.

Nilivuta mrija mpya nikasoma maandishi yake. Palikuwa pameandikwa 6x4, maana yake kipenyo cha nje milimita 6, cha ndani milimita 4. Kichwa cha chujio kilikuwa cha mrija wa robo inchi, milimita 6.35. Tofauti ni milimita 0.35, na muuzaji aliyesema ni uleule alisema hivyo akiiona tofauti hiyo kuwa si kitu. Kwenye fitingi ya kuchomeka ni kitu kikubwa. Ndani yake mna pete yenye meno ya chuma yanayoushika mrija usitoke, na nyuma yake oringi, pete ya mpira inayoziba maji. Meno yanaweza kuushika mrija wa milimita 6, ndiyo maana unapouvuta unaona umekaa imara. Oringi ndiyo inayoshindwa, kwa sababu haibanwi ya kutosha. Kushika na kuziba ni kazi mbili tofauti, na jaribio la kuvuta linapima moja tu.

Ncha ya mrija nayo ilikuwa imekatwa kwa kisu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mkato wa mshazari unafanya sehemu ya ukingo isifike kwenye oringi sawasawa, na ncha kali inaweza kuikwaruza. Hata kwa mrija sahihi, hilo peke yake lingetosha kuvujisha.

Kilichofungwa

Palikuwa na pendekezo la kuunganisha adapta juu ya adapta: kutoka uzi wa koki kwenda uzi wa bomba, kutoka bomba kwenda mrija wa milimita. Fitingi hizo zinaweza kupatikana. Nililikataa moja kwa moja. Kila adapta inaongeza mahali pengine pa kuvuja, mahali penyewe ni gizani nyuma ya sinki, na mnyororo mrefu unaning'inia kwenye shina na kulivuta kila droo ya kabati inapofunguliwa. Muungano mmoja uliochaguliwa vizuri unashinda mitatu iliyolazimishwa.

Nilichoomba dukani nilikiandika hivi kwenye karatasi, na nashauri kila mtu aandike badala ya kusema robo: adapta ya koki ya chujio, uzi jike wa inchi 7/16 wenye meno 24, upande wa pili wa kuchomeka mrija wenye kipenyo cha nje cha inchi 1/4, ya maji ya kunywa. Pamoja nayo, mrija wa kipenyo cha nje cha inchi 1/4, si milimita 6. Kuna njia ya pili ambayo ingefaa vilevile: nati ya kubana ya uzi huohuo, pamoja na feruli ya plastiki na kijiti cha plastiki cha kuingiza ndani ya mrija ili usibonyee nati inapokazwa. Nilichagua adapta kwa sababu nafasi nyuma ya sinki ilikuwa finyu, spana haizunguki, na adapta ya plastiki hukazwa kwa mkono. Mahali penye nafasi, nati ya kubana na feruli yake ni kazi nzuri sana na inadumu.

Maneno "ya maji ya kunywa" sikuyaweka kwa kupamba. Hata kama nati ya fleya ingeingia, nisingeiacha pale. Shaba ya njano (brasi) inayotumika kuchongea fitingi kwa mashine mara nyingi huwa na risasi, takriban asilimia 3 kwenye aina iliyozoeleka, kwa sababu risasi hurahisisha kukata. Kwenye gesi haina neno. Muungano huu uko baada ya chujio, na maji yakishapita hapo hakuna kitu kingine kitakachoyasafisha kabla ya kufika kinywani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha risasi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita, kiwango kidogo mno. Marekani, tangu Januari 2014, fitingi za maji ya kunywa zisizidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi kwenye sehemu zinazogusana na maji. Na kama chujio ni la RO, lile linalosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, jambo hili linakuwa zito zaidi: maji yaliyoondolewa madini yana hamu ya kuyeyusha chuma, kwa hiyo baada ya mtambo wa aina hiyo tunatumia mirija ya plastiki, hatutumii ya shaba.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na mengi. Nilisafisha shina kwa mswaki mkavu mpaka kinyuzi cha mwisho cha tepu kikatoka. Nilizungusha adapta kwa vidole, ikaenda laini mpaka mwisho, nikaongeza kidogo kwa mkono. Mrija niliukata kwa wembe mpya, wima, nikapitisha kidole kuona hauna makwaruzo, nikatia alama ya kalamu milimita 15 kutoka nchani. Unaposukuma, kuna mahali mrija unagota kwanza. Hapo umefika kwenye oringi tu. Sukuma tena uvuke, alama itakaribia kuzama. Halafu vuta kidogo meno yaume. Mrija niliuacha na urefu wa ziada, ukipinda kwa upana, maana ukiingia kwenye fitingi ukiwa umevutwa upande mmoja, oringi inabanwa upande mmoja na kulegea mwingine.

Baada ya kufungua maji niliacha koki wazi yatiririke kwa dakika kadhaa, kuondoa hewa na vumbi la plastiki. Kisha nikaifunga, maana majaribio ya uvujaji hufanywa koki ikiwa imefungwa, nikakausha kila kitu na kurudisha karatasi kavu kwenye kila muungano. Niliomba ziachwe hadi asubuhi, presha ya usiku ipite juu yake. Asubuhi zilikuwa kavu zote.

Ingekuwa koki ya RO yenye mirija mitatu chini yake, ile yenye mwanya wa hewa, sehemu ya shina ingefanana na hii, lakini mirija miwili mingine isingepaswa kuguswa bila kuitambua kwanza. Mwembamba wa robo unaleta maji taka kutoka kwenye mtambo. Mnene wa 3/8 unayapeleka kwenye bomba la maji taka, na hauna presha: unategemea mteremko tu, kwa hiyo ushuke moja kwa moja bila kulegea katikati na kuweka bonde. Ukiwekwa bonde, maji yatatokea juu ya sinki, kwenye kitundu cha koki, na mtu ataanza kutafuta fitingi wakati fitingi zote ni nzima.